Ndege ya Gerejini na Wanaoilipia

Safari hii tunaomba ruhusa kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulitazama kama wazimu wa Wazungu: mtu kujijengea ndege nyumbani kwake. Tunalizungumza kwa sababu wazimu huo umekwisha kuingia kwetu. Hapa Falls Church na vitongoji vya jirani tunawajua wenzetu wawili watatu, wa pwani na wa bara, waliojiunga na klabu za urubani. Mmoja wao ana mabawa mawili ya alumini yaliyoning'inizwa gerejini, mahali ambapo gari la mkewe lilikuwa likilala. Swali letu si kama ndege hiyo itaruka. Hilo ni swali la kihandisi na majibu yake yamo vitabuni. Tunachouliza ni hiki: mtu ana haki gani ya kutimiza ndoto yake kwa gharama ambayo sehemu kubwa inalipwa na watu wengine?

Tuanze na sheria, maana sheria ya hapa inashangaza kidogo. Marekani humruhusu raia wa kawaida kujenga ndege, akaisajili na kuirusha, kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya elimu au burudani yao wenyewe. Watu huiita kanuni ya asilimia 51. Ndege ikimalizika hukaguliwa, kisha hufanyiwa majaribio ya saa 25 au 40 angani, katika eneo lililopangwa, bila kubeba abiria. Baada ya hapo unaweza kumpakia jirani yako, ila ndani ya ndege lazima pawepo maandishi ya kumwambia abiria kwamba chombo hiki kimejengwa na mtu asiye mtengenezaji wa kazi hiyo, na kwamba hakifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Maandishi hayo msomaji ayaweke akilini.

Sasa fedha. Wajenzi wengi hununua vipande vilivyokatwa tayari, na kampuni mashuhuri kwa biashara hiyo ni Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa mwaka 1973. Ndege zake zilizokwisha kuruka zimepita 11,000. Vipande huuzwa kwa mafungu, na fungu la kwanza ni mkia. Sisi tuna msemo wa mtu aliyemaliza ng'ombe mzima akashindwa na mkia. Huku ng'ombe anaanzwa mkiani. Mkia ni dola elfu chache, mtu hajisikii vibaya. Halafu yanakuja mabawa, kiwiliwili, injini, rafadha na vyombo vya kuongozea, na ndege ya watu wawili ikikamilika huwa imepita dola 100,000 kwa urahisi. Desemba 2023 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na wateja waliokuwa wamekwisha kutoa malipo ya awali wakatakiwa kukubali bei mpya zilizopanda. Iliinuka tena mwaka uliofuata, lakini kuna nyumba ambazo bajeti yake haijainuka bado.

Hapa ndugu zetu hukimbilia swali moja: fedha hizo zingelipa karo ya watoto wangapi kule nyumbani? Kwa maoni yetu swali ni halali, ila linaulizwa kwa upendeleo. Hatujasikia mtu akiulizwa karo kwa sababu ya gari la dola elfu sitini, wala kwa sababu ya harusi ya watu mia nne katika ukumbi wa hoteli. Starehe iliyozoeleka haihojiwi. Ile ngeni ndiyo hupandishwa kizimbani. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja wa kompyuta huko Nyeri, Kenya, alitangazwa sana kwa kujenga ndege yake kwa kutumia injini ya gari, na waliomcheka walikuwa wengi kuliko waliomsaidia. Kama angenywa pombe kwa fedha zilezile, asingetoka gazetini.

Kwa hiyo fedha tuziache. Kilicho kizito zaidi ni muda. Ndege ya aina hii humla mjenzi saa 1,500 hadi 2,500. Tuchukue 2,000: akifanya kazi saa kumi kwa juma, ni majuma 200, yaani karibu miaka minne. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mkia ulipofika mlangoni ana kumi na minne ndege ikisimama kwa magurudumu yake. Na kwa sisi wakazi wa Falls Church kuna nyongeza. Zamani mji huu ulikuwa na kiwanja chake kidogo cha ndege kando ya barabara ya Arlington Boulevard; kilifungwa takriban mwaka 1960 na sasa mahali pake ni maduka. Isitoshe, tangu mwaka 2003 anga inayozunguka Washington, maili za baharini 30 kila upande, ina masharti makali ya usalama yaliyotokana na Septemba 11. Basi anayetaka kuruka huendesha gari hadi Manassas, Leesburg au Warrenton, akirudi na foleni ya barabara ya 66, na Jumamosi imekwisha.

Sheria inahesabu asilimia 51 ya ndege. Hakuna anayehesabu asilimia ngapi za nyumba zimehamia kwa mtu mwingine. Ni nani aliyewapeleka watoto kwenye mpira na madrasa, aliyekwenda msibani Maryland kwa niaba ya familia, aliyepokea simu za wakwe? Tulimuuliza mke wa yule mwenzetu mwenye mabawa kama anaogopa mumewe ataanguka. Akacheka. "Shemeji," akasema, "mimi naogopa atamaliza, kisha aanze nyingine." Halafu akatueleza kwamba yeye mwenyewe amegonga nusu ya ribiti za bawa la kushoto. Ribiti za alumini hutaka watu wawili: mmoja ana bunduki ya upepo upande wa nje, mwingine amekishikilia kipande cha chuma kizito kwa ndani, mahali asipoonekana. Mkono ukiyumba, bati hubonyea na kazi ya jioni nzima imeharibika. Hicho chuma cha ndani ndicho alichokuwa akikishika, jioni baada ya jioni, akitoka kazini hospitali.

Tusiwe wachoyo wa sifa, lakini. Klabu hizi zina wema wake, na sisi ambao taaluma yetu ni uhandisi tunauona vizuri. Watu kumi au kumi na watano wanamiliki kwa pamoja Cessna 172 moja iliyozeeka, kila mtu anatoa ada ya mwezi na kulipia saa anazoruka. Asubuhi za Jumamosi hupikwa chapati zao nene za maziwa na mayai, na wazee waliorusha ndege tangu vita vya Vietnam husimulia mambo ambayo mengine huenda ni kweli. Wana mzaha kuhusu hamburger ya dola mia, kwa maana ya mtu kuruka mji wa jirani kwenda kula tu. Siku hizi dola mia haitoshi mafuta. Chama kikubwa cha wajenzi, EAA, kilichoasisiwa Wisconsin mwaka 1953, tangu 1992 kimekuwa kikiwapandisha bure watoto wa miaka 8 hadi 17. Na mtu aliyekuja nchi hii na shahada yake, akakaa miaka akiulizwa kila mkutanoni lafudhi yake ni ya wapi, hufika kwenye banda lile akaulizwa amekaza nati kwa nguvu kiasi gani. Asiyewahi kulikosa swali la namna hiyo hawezi kujua thamani yake.

Linabaki jambo la uhai. Wapo wanaosema maisha ni yangu, nikianguka nimeanguka mwenyewe. Usemi huo haulingani na historia ya kuruka kwenyewe. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege ya aina ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua siku chache tu kabla. Mjenzi wake, mtu mwingine kabisa, aliutoa mpini wa kubadilishia tangi la mafuta mahali palipochorwa na msanifu, mbele ya rubani, akauweka nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi wa serikali walitaja uamuzi huo miongoni mwa sababu, pamoja na uzoefu mdogo wa rubani katika ndege ile. Mjenzi aliamua gerejini kwake, akilini mwake akiwa na sababu njema. Aliyelipa ni mgeni.

Na kwetu Afrika Mashariki tuna kisa cha zamani zaidi. Walowezi wa Kenya walianzisha klabu yao ya ndege, Aero Club of East Africa, mwaka 1927. Mei 14, 1931, Denys Finch Hatton aliondoka Voi na ndege yake ndogo ya Gipsy Moth, ikaanguka na kuwaka moto. Dunia nzima inamjua kwa sababu ya Karen Blixen, na kaburi lake liko kwenye vilima vya Ngong. Lakini ndani ya ndege ile walikuwamo watu wawili. Wa pili alikuwa Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Burudani ilikuwa ya bwana. Mtumishi wa 1931 hakuwa na nafasi ya kusema safari hii siiwezi.

Ndiyo maana tuliomba maandishi yale ya onyo yakumbukwe. Sheria imeona kwamba abiria, hata wa nusu saa, ana haki ya kuelezwa kabla ya kufunga mkanda. Anayebaki nyumbani habandikiwi kitu. Bima nyingi za maisha huuliza kama mtu anarusha ndege ndogo, na jibu hubadilisha malipo au kumwondolea fidia. Je, mke ameuona mkataba? Na sisi jumuiya, ambao kila mauti yakitokea huchangishana maelfu ya dola kusafirisha maiti hadi Dar es Salaam au Mombasa, ni wangapi wameketi na mwenzao wakamuuliza amejiandaaje? Kuuliza si kumzuia. Mtu aliyeelezwa gharama, akazitafakari na kusema sawa, ameshiriki ndoto. Asiyeelezwa ametozwa kodi. Tofauti hiyo kwetu ni kubwa kuliko dola 100,000, na haihusu ndege peke yake: nyumba inayojengwa Kigamboni kwa siri ina mzigo uleule, ingawa haianguki.

Yule mwenzetu na mkewe walikwisha kukaa mezani na karatasi. Jumapili gereji inafungwa. Bima imeandikwa upya, ghali zaidi, kwa jina la mke. Mabawa yamekamilika, mkia umekamilika; injini haijaagizwa, na shemeji amesema wataizungumzia binti wa pili akimaliza chuo, yaani mwaka kesho kutwa. Kwa sasa gari lake bado linalala nje, na majira haya ya baridi mwenye mabawa ndiye anayeamka alfajiri kulikwangua barafu.