Bei ya Shamba la Nabothi

Soma: 1 Wafalme 21:1–16, Mambo ya Walawi 25:23–28, Hesabu 27:1–8, 1 Timotheo 5:8.

Madarasa mengi hukimbilia damu ya Nabothi na ubaya wa Yezebeli, na kuyapita mazungumzo ya kwanza kati ya mfalme na jirani yake. Lakini Ahabu hakuanza kwa unyang'anyi. Alilitaka shamba la mizabibu lililo karibu na nyumba yake, akaahidi kulibadili kwa shamba bora zaidi, au kulilipia fedha kwa kadiri ya thamani yake. Kwa hesabu ya sokoni Nabothi hakuwa na hasara. Alikataa hata hivyo. Kwa nini mtu akatae bei nzuri?

Mtu aliyezaliwa Machame, Kibosho, Marangu au Rombo hahitaji maelezo marefu. Kihamba si shamba tu. Ni migomba na mibuni chini yake, ng'ombe zizini, mfongo unaoshusha maji kutoka mlimani, na makaburi ya babu na bibi karibu na nyumba. Kwa desturi baba huwarithisha wanawe, na kitinda mimba wa kiume hubaki katika nyumba ya wazazi. Mwadventista anaamini kwamba waliokufa wamelala (Mhubiri 9:5), hivyo hawezi kukataa kuuza kwa kuogopa mizimu. Lakini kukumbuka si kuabudu, na Nabothi naye alijibu kwa kutaja urithi wa baba zake.

Wala fedha si mgeni kihambani. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima Wachaga wakaja kuipanda katikati ya migomba yao. Ndizi zikabaki za chakula, kahawa ikawa ya fedha. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 nafasi yake ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Watu hao hawakuwa wapenda fedha kwa maana ya kulaumiwa. Walitaka kuuza kwa sauti moja ili jasho lao lisinunuliwe kwa bei ya kutupwa. Fedha ya buni iliezeka nyumba kwa bati. Ililipa ada, na mzazi aliyesubiri malipo ya pili baada ya mnada alijua tayari ni mtoto gani anayesubiri viatu. Huo ulikuwa uwakili, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Kisha bei ikaanguka. Makubaliano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, na kahawa ikashuka duniani kote. Mibuni ilikuwa ileile, na mikono ya mama iliyochuma ilikuwa ileile. Katika miaka iliyofuata wako walioing'oa. Hapo somo linauma kuliko katika mahubiri mengi juu ya tamaa. Bei iliamuliwa mbali, na watu ambao hawajawahi kumwona mkulima wa Kibosho. Kama thamani ya mtu ni bei ya kazi yake, basi mkulima yule alipungukiwa utu wake bila kutenda kosa lolote. Hakuna anayeamini hivyo juu ya baba yake. Ajabu ni kwamba wengi huamini hivyo juu ya nafsi zao, mshahara unapokatwa au biashara ya Soko la Mbuyuni inapodorora.

Je, basi kihamba kisiuzwe kamwe? Chukulia familia hii, ambayo haipo lakini kila kijiji kinaijua. Mama anaumwa, na deni la matibabu linakua. Mwezi wa Desemba watoto wamepanda mlimani kutoka mijini, nao wanakaa kikao. Mwana mkubwa, mfanyakazi wa Dar es Salaam, anataka kipande cha chini, kilicho karibu na barabara, kiuzwe. Mdogo wake anayeishi kihambani anasema, "Kaka, urithi wa wazee hauuzwi." Anasikika kama Nabothi. Lakini Nabothi alikataa mbele ya mfalme, akijua anayemkatalia ni nani. Huyu anakataa mbele ya mama mgonjwa, na ndiye anayekula ndizi za kipande hicho. Andiko linaweza kushikwa kwa mkono uleule unaoshika mali. Kaka mkubwa naye achunguzwe, kwa maana barabara imepandisha bei, na deni la hospitali ni dogo kuliko fedha anayoizungumzia.

Sheria ya Musa ilikuwa na huruma kuliko ndugu hawa wawili. Ilisema nchi ni ya Bwana na isiuzwe moja kwa moja. Hata hivyo ilikubali kwamba maskini anaweza kufika mahali pa kuuza, ikamtaka jamaa wa karibu aje kukomboa. Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao kile lingekuwa kila mmoja anaweza kuchanga nini kabla mgeni hajaitwa kupima kiwanja. Paulo, akiandika juu ya kuwatunza wa nyumbani, hakutenga wanaoishi mbali.

Yuko pia dada yao, ambaye hajaombwa kusema. Ndiye anayemwogesha mama na kumpeleka kliniki. Desturi haikumpa kihamba, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na ingawa binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakapewa urithi. Kwake yeye maneno mazuri juu ya ardhi isiyo na bei yana ladha nyingine. Ardhi ikibaki, inabaki ya kaka zake. Ikigeuzwa kuwa fedha, angalau fedha huhesabika mezani na yeye anaweza kudai fungu. Huenda kwake noti ni haki kuliko migomba.

Darasa lijadili: kabla ya kumjibu kaka mkubwa au mdogo, dada huyu aulizwe nini, na ni nani katika kikao kile anayepaswa kumwuliza?