Kiingilio au Sadaka?

Siku za Noeli zinapofika, jamaa nyingi za Isangi huwapeleka watoto kanisani kutazama pango. Wengine huja kwa miguu, wengine kwa mtumbwi, maana mji wetu umekaa pale mto Lomami unapoingia mto Kongo. Karibu na pango huwekwa kisanduku cha maskini. Baba humpa mtoto noti ya faranga, mtoto huitia kisandukuni, kisha wote hurudi nyumbani wenye furaha.

Hapa pana swali linalotufaa wazazi. Je, mtu akitoa pahali alipofurahishwa, ametoa sadaka, ama amelipa kiingilio tu?

Wako wanaosema kwamba furaha huharibu sadaka. Yafaa mtu atoe kwa siri, pasipo taa wala nyimbo. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 1223, kule Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Yesu. Watu walifika usiku na mienge, wakaimba. Ilikuwa sikukuu kweli kweli. Lakini Fransisko huyo huyo, kama alivyoandika Tomaso wa Celano, alitaka siku ya Noeli matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe majani, hata ndege wamwagiwe nafaka njiani. Kwake furaha haikubaki pangoni. Ilitoka nje, ikafuata njia.

Basi, furaha si kosa. Tofauti ni hii: kiingilio huishia mlangoni. Umelipa, umetazama, huna deni tena. Sadaka haimalizi deni. Humfungua macho aliyeitoa, amwone jirani yake.

Tufikiri kidogo. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, jirani na Kisangani, uliwafukuza watu wengi makwao. Mtoto akiinama kwa heshima mbele ya Mtoto aliyekosa nafasi nyumbani mwa watu, kisha akampita mkimbizi asimwangalie, amejifunza nini? Amejifunza kwamba umaskini ni kitu kizuri, mradi uwe sanamu ya udongo.

Tena noti ya baba ikiwa mkononi mwa mtoto, bado ni sadaka ya baba. Afadhali mtoto akate kipande cha chikwange yake mwenyewe, au aache mchezo wake saa moja akamtekee maji bibi mgonjwa. Hapo atasikia kwamba kimemtoka kitu. Wengine watajibu: "Hata sisi ni maskini." Ni kweli, na hatuwadharau. Lakini wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri; na mtoto wa maskini anao moyo kama mtoto wa tajiri.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, wapelekeni watoto pangoni, waimbe, washangae, wafurahi. Mkitoka kanisani, msishike njia ya mkato. Piteni kwanza mlangoni kwa mwenye shida, mkapige hodi pamoja nao.