Pumzi ya Aliyelala

Fundi akishang'oa dirisha kuukuu la chuma, hubandua puti iliyokauka, huchonga plasta pembeni kwa patasi, kisha macho yake hufika juu, kwenye ule mstari wa matundu uliofunikwa wavu mwembamba. Wavu umejaa vumbi la mavuno na utando wa buibui. Matundu hayo hayafungwi wala hayafunguliwi. Yako wazi usiku na mchana tangu nyumba ijengwe. Mara nyingi hapo ndipo inapoamuliwa yazibwe, kwa kuwa dirisha jipya la alumini litapanda hadi kwenye linta, na mwenye nyumba amechoka na baridi. Hapa Moiben, Uasin Gishu, ni juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Hakuna wa kubisha. Jambo linakwisha kwa dakika moja, saruji inachanganywa. Nadai kwamba dakika hiyo ina uzito zaidi wa kidini kuliko ibada ya kuweka nyumba wakfu inayofuata baadaye, kwa sababu ndani yake mtu mmoja anaamua namna watu wengine watakavyovuta pumzi wakiwa usingizini, na hao hawakuulizwa.

Tuanze na hewa yenyewe. Kwa kimo cha nyanda hizi, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Hewa hiyo ndiyo wanayoifuata wakimbiaji wanaokuja kujifua Uasin Gishu. Mwili mzima huizoea. Lakini chumba kilichofungwa kabisa, chenye watu wanne na jiko la makaa lililoingizwa ili kupasha joto, hakina mazoea. Makaa yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Haimwamshi aliyelala kwa kikohozi kama moshi unavyofanya. Usingizi wake unazidi tu kuwa mzito. Dirisha la zamani, kwa ubovu wake wote, lilikuwa likivuja. Jipya halivuji, na wengi hulinunua kwa sababu hiyo hiyo. Tena likiwa la kuslaidi lenye vipande viwili, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu ya upana wake, maana kipande kimoja lazima kisimame nyuma ya kingine. Mwenye nyumba anaweza kulipia tundu kubwa zaidi ukutani na bado akapata hewa kidogo kuliko aliyokuwa nayo.

Kifua kikuu, kinachoambukizwa kwa hewa, kinatoa ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, nchini Peru, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: katika wodi za majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, madirisha na milango ikifunguliwa hewa ilibadilika mara 40 kwa saa, na katika majengo ya kisasa mara 17. Usasa peke yake haukuwa kinga. Florence Nightingale alikuwa amekwisha kuliweka hilo mbele ya kila kanuni ya uuguzi katika kitabu chake cha mwaka 1859: hewa ya ndani iwe safi kama ya nje, bila mgonjwa kupigwa na baridi. Masharti hayo yako mawili, na ugumu wote wa dirisha uko katika kuyatimiza pamoja.

Sasa dini. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mjenzi wa nyumba mpya anaagizwa kuizungushia dari ukingo, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Dari za wakati ule zilikuwa tambarare, watu wakipumzika juu yake. Kinachonigusa katika agizo hilo ni yale lisiyoyauliza. Haliulizi aliyeanguka alikuwa nani, mtoto wa nyumbani au mgeni wa jioni moja. Haliulizi kama alikuwa mwangalifu. Jukumu linawekwa kwa aliyejenga, kabla yeyote hajapanda, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo juu ya umbo la nyumba. Anayebadilisha dirisha anarudi kwenye nafasi ile ile ya mjenzi. Yule atakayelala chini ya dirisha hilo, awe mtoto wa miaka mitatu, mjakazi au bibi mzee aliyeletwa mjini kutibiwa, hana sauti juu ya saruji. Kwa Kiswahili tunalo neno la hali hiyo, nalo ni amana: kitu kilicho mkononi mwako ambacho si chako. Ukuta ni wa mwenye hati. Pumzi inayopita ukutani ni amana.

Mtu atajibu kwamba nyumba ni yake, fedha ni zake, na hakuna mwingine wa kumpangia. Jibu hilo lina nguvu yake. Watawala wamewahi kuyaingilia madirisha ya watu kwa ubaya: Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na watu wakayaziba kwa matofali ili kuikwepa kodi, maskini wa nyumba za kupanga wakibaki gizani. Lakini tazama nani aliumia. Aliyeamua kuziba alikuwa mwenye nyumba, akiokoa fedha zake. Aliyekosa mwanga alikuwa mpangaji. Hoja ya "ni yangu" haikumfikia mpangaji hata kidogo. Mwanafalsafa Leibniz aliandika mwaka 1714 kwamba vitu vya msingi kabisa vya ulimwengu havina madirisha, kila kimoja kimebeba dunia yake ndani yake. Huenda ni kweli kwa vitu vyake hivyo. Nyumba ya binadamu haiwezi kuwa hivyo, na wazee wa Kikalenjin walilijua hilo katika ujenzi wao: mabwaita, madhabahu ya familia, ilisimama nje, upande wa mashariki wa mlango, na dua za asubuhi zilielekezwa kwa Asis, jua likichomoza. Kitovu cha nyumba kilikuwa nje ya kuta zake.

Baridi ni pingamizi zito zaidi, na sitalipuuza, kwani mtoto mwenye nimonia hafarijiwi na falsafa. Ila baridi haiingii kwa matundu peke yake. Joto hupenya kioo cha milimita 4 chenyewe, hupenya fremu (na alumini hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma), na hupotea kwa wingi kupitia mabati yasiyo na silingi chini yake. Anayeziba matundu ya juu na kuacha mabati wazi amefunga mlango mdogo na kuacha lango. Silingi, pazia zito linalofika chini ya kizingiti cha dirisha, fremu iliyojazwa vizuri pembeni: hizo ndizo fedha za kuzuia baridi, na hakuna hata moja inayomnyima mtu hewa.

Kuhusu wezi, hofu ni ya haki na grili ina kazi yake. Lakini Kenya imekwisha kulipa gharama ya kujua grili isiyofunguka hufanya nini moto ukiwaka. Mwezi Machi 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Bombolulu, huko Pwani. Machi 2001 wavulana 67 wakafa vivyo hivyo katika shule ya Kyanguli, Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma, na kulikuwa na milango iliyofungwa. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 ukaagiza madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Chumba cha kulala cha nyumbani ni bweni dogo. Angalau grili moja katika kila chumba hicho iwe na bawaba na kufuli la ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo hata mtoto anapajua gizani.

Limebaki pingamizi ambalo husemwa kwa upole, na ndilo ninalolihofia kuliko yote: kwamba Mungu ndiye mlinzi wa nyumba, na siku ya mtu ikifika imefika. Imani hiyo imewabeba watu katika misiba ambayo hakuna aliyeweza kuizuia, na hapo naiheshimu. Inapohamishwa na kupelekwa kwenye ukuta ambao mtu mwenyewe aliuziba, inageuka kumtwika Mungu kazi ya fundi. Mtume Muhammad, katika hadithi inayojulikana na kila mtoto wa chuoni, alimwelekeza Bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu. Musa na ukingo wake wa dari anasema lile lile. Danieli naye aliomba madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akijua sala hiyo imekatazwa. Kuthubutu huko kulikuwa kwake, juu ya maisha yake. Hakuna andiko ninalolijua linalomruhusu mtu kuthubutu kwa pumzi ya mwingine.

Na aliye na vyumba vya kupangisha, Langas au popote pengine Eldoret, ana deni kubwa zaidi, kwa kuwa mpangaji wake hawezi hata kupiga patasi ukutani bila ruhusa. Kabla saruji haijachanganywa, mwenye nyumba na aingie chumbani alfajiri, pazia likiwa bado limefungwa, apitishe kidole juu ya kioo upande wa ndani. Maji atakayoyakuta hapo hayakutoka nje. Ni pumzi za waliolala, zilizotafuta njia usiku kucha zikaishia kwenye kioo baridi. Yakiwa yanachuruzika, matundu ya juu yabaki, yafutwe vumbi, yawekewe wavu mpya, na dirisha la alumini likatwe fupi kwa kimo chake.