Uzito wa Muhuri

Ning'iniza kamba kwenye tawi la mwembe. Vijana wawili waishike, mmoja juu, mwenzake chini. Kila mmoja anabeba uzito wake. Sasa yule wa chini aiachie kamba, amkamate mwenzake miguu. Tawi halioni tofauti, kamba ni ile ile. Ila mikono ya yule wa juu imebebeshwa watu wawili.

Jambo dogo namna hiyo liliua watu 114 katika hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981.

Ukumbini mlikuwa na njia za kupitia watu zilizoning'inia hewani, ya ghorofa ya nne juu ya ile ya ghorofa ya pili. Mchoro wa kwanza ulitaka vyuma virefu vishuke kutoka darini, vipenye boriti za njia ya juu hadi ya chini, na kila njia ikae juu ya nati zake. Watengenezaji wa vyuma wakaona taabu kuchonga hesi kwenye chuma kirefu kiasi hicho. Wakapendekeza kikatwe viwili: kimoja kutoka darini hadi njia ya juu, kingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kazi ikarahisika. Lakini sasa njia ya chini ilikuwa imemshika mwenzake miguu.

Michoro ikarudi kwa wahandisi. Kiungo kile hakikukokotolewa upya, na muhuri ukagongwa. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata, jioni ya dansi, nati zikachomoka kwenye boriti, na njia zote mbili zikawaangukia waliokuwa chini.

Wachunguzi walikuta kwamba hata mchoro wa kwanza ulikuwa dhaifu kuliko sheria ya ujenzi ilivyotaka. Hesabu moja tu ingefichua makosa yote mawili.

Jack Gillum, mhandisi aliyebeba dhamana ya mradi, alinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri. Baadaye alizunguka akiwasimulia wahandisi wenzake mkasa huo, wasije wakaurudia.

Nawe unayesomea uhandisi ujenzi, siku yako itafika. Fundi atakujia saiti, jua la saa saba, zege linasubiri: "Injinia, tukikata hapa si sawa tu?" Huenda ni sawa kweli. Piga hesabu kwanza, ndipo umjibu.