Je, Yafaa Kupanda Gurudumu Kubwa la London?

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali madogo ambayo binadamu hujiuliza safarini, limo moja ambalo likipimwa vema hufichua mambo makubwa ya moyo. Swali lenyewe ni hili: Mtu afikapo katika mji mkubwa wa ugenini, akakuta jambo ambalo kila mgeni hulikimbilia, na ambalo halipatikani ila kwa fedha nyingi, je, yafaa naye alitolee fedha zake na wakati wake, au alipite? Ili tusizungumze hewani, na tuchukue mfano mmoja unaojulikana, yaani gurudumu kubwa la London liitwalo London Eye, ambalo mtu wa kwetu aendaye kuwatembelea jamaa zake Uingereza ni nadra kukosa kutajiwa.

Yafaa kwanza kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Gurudumu hilo limesimama kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames, si mbali na Bunge lililo ng'ambo ya pili. Urefu wake ni mita 135. Walilibuni mume na mke, wasanifu wa majengo, David Marks na Julia Barfield. Mwaka 1993 walilipeleka wazo lao katika shindano la kutafuta alama ya kuukaribisha mwaka 2000. Shindano lile lilikwisha bila ya mshindi, lakini wao hawakuliacha wazo lao. Mwezi wa Oktoba 1999 gurudumu, lililokuwa limelazwa juu ya mto, liliinuliwa likasimama, na mwezi wa Machi 2000 watu wakaanza kulipanda. Lina vyumba 32 vya kioo, kwa hesabu ya wilaya 32 za London, na kila kimoja huweza kuchukua watu 25. Mwendo wake ni wa polepole mno, kiasi cha sentimita 26 kwa sekunde, hata kwa kawaida halina haja ya kusimama abiria wanapoingia na kutoka. Mzunguko mmoja huchukua karibu nusu saa. Siku ya anga safi aliye kileleni huweza kuona mpaka umbali wa kilomita 40.

Wahenga wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kazi ya namna hii ni tunda la akili na subira, na mwenye insafu hataidharau. Hata hivyo, vyumba vile vimepewa namba kuanzia 1 hadi 33, ilhali ni 32 tu, kwa sababu namba 13 imerukwa, nayo hudhaniwa na watu wa huko kuwa ina mkosi. Basi hesabu iliyoweza kusimamisha chuma kizito juu ya mto haikuweza kuondoa hofu ya namba moja. Kuinuka kwa mwili si kuinuka kwa fikira.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako watu wa aina mbili ambao hulijibu kwa haraka, na wote wawili, kwa maoni yetu, wamekosea.

Wa kwanza husema: Usipolipanda gurudumu hukufika London. Hoja hii huvunjwa na historia ya magurudumu yenyewe. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, Marekani, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la kwanza la namna hii, lenye urefu wa mita 80 hivi. Nauli yake ilikuwa senti 50, sawasawa na kiingilio cha maonyesho yote! Bila shaka wakati ule pia walikuwapo waliosema kwamba asiyelipanda hakuyaona maonyesho. Ferris alifariki mwaka 1896, na gurudumu lake likabomolewa mwaka 1906. London yenyewe ilipata gurudumu kubwa huko Earls Court mwaka 1895, na miaka kumi na miwili baadaye likavunjwa. Na katika zama zetu, gurudumu la Dubai, lenye urefu wa mita 250, lilifunguliwa Oktoba 2021, likafungwa Machi 2022, na halikufunguliwa tena hadi Desemba 2024. Je, waliofika Dubai katika muda huo hawakufika Dubai? Jambo ambalo leo lipo na kesho halipo haliwezi kuwa kipimo cha kuwa mtu ameuona mji.

Wa pili husema: Huo wote ni upuuzi na israfu, mtu mwenye akili hapandi. Huyu naye tumwulize: Je, furaha ya mtoto ni upuuzi? Je, kuutazama mji ambao mamilioni ya watu wanaishi, ukastaajabu na kufikiri, ni hasara? Yuko mzazi awezaye kulipa bila ya dhiki yoyote, lakini hukataa, kisha hujisifu kuwa yeye hana anasa. Huo mara nyingi si ucha Mungu, ni ubahili uliovaa kanzu. Kukiharimisha kilicho halali ni kosa, kama vile kukihalalisha kilicho haramu ni kosa.

Basi njia ya kati ni ipi? Sisi twaona kwamba jibu haliko katika gurudumu. Liko katika mambo matatu ambayo kila mtu hana budi kuiuliza nafsi yake.

La kwanza ni haki. Fedha hii ni ya nani? Tikiti ya mtu mzima mmoja hugharimu makumi ya pauni, na familia ya watu watano hulipa fedha ambayo nyumbani kwetu huweza kumlipia mwanafunzi mahitaji mengi ya shule. Hatusemi kwamba kila mara kuna mhitaji basi furaha yote ni haramu, maana wahitaji hawatakwisha duniani, na mtu angeharimishiwa hata kikombe cha chai. Twasema hivi: kama una deni ambalo mwenyewe analingojea, au ulimwahidi mama yako dawa, au mtoto wa ndugu yako amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada uliyojitwika, basi fedha ile si yako tena hata kama ingali mfukoni mwako. Huwezi kununua kilele kwa haki ya mwingine.

La pili ni nia, na hili ndilo zito kuliko yote. Jiulize: Lau ningepanda kwa sharti kwamba nisipige picha hata moja, wala nisimsimulie mtu yeyote maisha yangu yote, je, ningali nataka kupanda? Anayejibu "Ndiyo" ametaka kuona. Anayejibu "La" alitaka kuonekana, na huyo ameingia katika mlango wa ria, ambao hauna mwisho wala shibe. Ataulipa London, kisha ataambiwa la Dubai ni refu zaidi, karibu mara mbili. Tena mtu huyu amedhulumiwa na nafsi yake: ametoa fedha apande juu, na huko juu akaupa mji mgongo ili apigwe picha!

La tatu ni badali. Je, kile nikitafutacho hakipatikani pengine kwa gharama ndogo? Kama ni kuuona mji kutoka juu, kipo kilima cha Primrose Hill, kaskazini ya mto, ambacho hupandwa bure kwa miguu. Ipo pia bustani ya Sky Garden, juu kabisa ya jengo refu la mtaa wa Fenchurch, iliyofunguliwa mwaka 2015. Kuingia humo ni bure, mradi uweke nafasi mapema, kwani wajenzi walipewa ruhusa ya kujenga jengo hilo kwa ahadi ya kuwaachia raia sehemu ya juu. Mwenye fedha kidogo asijihesabu kuwa amenyimwa macho.

Huenda msomaji akasema: Nimekubali yote, fedha ni yangu na nia yangu ni kuona, basi nitaona nini? Utaona mpango. Aliye chini huiona njia moja tu na ukuta ulio mbele yake. Aliye juu huona jinsi mto unavyojipinda, na jinsi jumba la mfalme, bunge na hospitali vilivyokaa pamoja katika ardhi moja, vyote vidogo. Hilo ni somo la kweli kwa wenye kiburi na kwa wenye kukata tamaa pia.

Lakini juu huonyesha mpango, hakumwonyeshi mtu. Ng'ambo ya daraja la Westminster, upande ule ule wa mto, mbele ya hospitali ya St Thomas', uko ukuta mrefu wenye mioyo myekundu zaidi ya 200,000. Ilianza kuchorwa Machi 2021, moyo mmoja kwa kila aliyekufa kwa maradhi ya Korona katika Uingereza, na ndani ya mingi jamaa wameandika majina ya wapenzi wao. Kutoka gurudumuni huwezi kusoma hata jina moja. Ili kusoma, huna budi ushuke, utembee kwa miguu mwendo wa dakika kumi hivi, usimame karibu. Hapo halipwi chochote. Na wengi walioshuka kutoka kwenye kioo hupita zao wasifike.

Basi, ndugu msomaji, hukumu yetu ni hii. Gurudumu si dhambi wala si faradhi. Likiwa fedha ni yako kwa haki, na moyo wako ungeridhika kuona hata bila ya shahidi, panda, wapandishe na watoto, na furahini. Ikiwa moja katika hayo limekosekana, lipite bila ya majuto, kwani hukukosa kitu. Lakini upande au usipande, nusu saa ya kilele isikutosheleze. Nenda pia ukutani, usome jina la mtu usiyemjua, na umwombee aliyeliandika.