Arobaini ya Siri

Kwetu Mombasa mwanamke akijifungua hupewa siku arobaini. Hapiki, hafui, hatumwi. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na huletewa uji wa pilipili manga unaomtoa jasho. Mtu akifariki, waliobaki nao huhesabu arobaini, ikasomwa khitma na watu wakala pamoja. Arobaini zote mbili nimezipitia: ya uzazi mara mbili, na ya msiba nilipofiwa na baba. Lakini ipo ya tatu ambayo haikutangazwa kwa mtu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nijiulize maana ya kupona.

Mwaka 2013 nilikuwa na watoto wawili. Wa pili nilimzaa nikiwa sijijui. Nilipatwa na kifafa cha mimba, na nilipozinduka nikaambiwa nina mtoto wa kiume. Mtoto alikuwa mzima. Mimi sikuwa mzima. Shinikizo la damu halikushuka tena bila dawa, na figo zilibaki na udhaifu. Nilionywa nisishike mimba nyingine. Tulijikinga tulivyoweza, na mara moja kinga ikatuponyoka.

Ilipogunduliwa, mimba ilikuwa ya wiki 7. Madaktari wawili walinipima, wakaniambia bila kuzunguka kwamba nikiibeba huenda nisiwaone wanangu wakikua. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakataza kutoa mimba, ila pale mhudumu wa afya aliyehitimu anapoona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura, au kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini. Mashekhe tuliowauliza nao walisema uhai wa mama hutangulizwa. Basi sikuvunja sheria ya nchi, wala sikuona kwamba nimevunja ya Mungu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa natafuta udhuru. Swali langu ni jingine.

Hospitalini nilimeza kidonge cha mifepristoni, ambacho huizuia homoni inayoishikilia mimba. Siku ya pili yake nikapewa vidonge vya misoprostoli, vinavyoufanya mfuko wa uzazi ujikaze na kutoa kilichomo. Usiku ule chango lilinikamata kama uchungu wa uzazi. Kulipokucha yalikuwa yamekwisha.

Muuguzi alinipa karatasi ya maelezo, akanisomea. Damu hutoka kwa wiki mbili hivi, na kwa wengine huendelea kidogo kidogo hata mwezi. Pedi mbili kubwa zikilowa chepechepe ndani ya saa moja, na saa ya pili tena vivyo hivyo, nirudi mbio. Homa isiyoshuka au uchafu wenye harufu mbaya, pia nirudi. Kipimo cha mkojo chaweza kuonyesha mimba kwa wiki kadhaa, kwa kuwa homoni zake huchelewa kwisha mwilini. Hedhi kwa kawaida hurudi kati ya wiki ya 4 na ya 8. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: yai laweza kupevuka hata kabla ya wiki mbili kwisha, kwa hiyo mwanamke aweza kushika mimba nyingine kabla hajaiona hedhi.

Ilikuwa karatasi nzuri. Lakini haikuniambia damu ile inaitwaje, na mimi nilihitaji jina. Mwenye hedhi haswali, wala mwenye nifasi. Mwenye damu ya ugonjwa huswali. Mume wangu hakujua, na mkwe wangu hakuambiwa chochote. Nikamwendea somo wangu, yule mama aliyenifunza kuhesabu siku nilipovunja ungo.

"Somo, damu hii niihesabu nini?"

Akauliza kilichotoka. Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni nifasi, mwanangu. Wewe ni mzazi."

Baadaye nilielezwa kwamba katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, hata likitoka pande la damu au la nyama lililo asili ya mtu, damu inayofuata ni nifasi. Madhehebu mengine hutaka kwanza dalili za umbo la binadamu zionekane. Siku ile sikuwa na habari ya tofauti hizo. Nililia tu. Kwa miaka yote neno "mzazi" lilikuja pamoja na mtoto mikononi. Sasa nalipewa mikono mitupu, na tena kwa hiari yangu mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo swali. Je, mtu aweza kukilia kitu alichokubali kiondoke? Wapo wasemao: ukilia, umekiri kosa. Wapo wasemao: kama ulifanya haki, huna cha kulilia. Nimegundua kwamba makundi haya, yanayogombana kila siku, yamekubaliana katika jambo moja. Yote mawili yanachukua huzuni na majuto kuwa kitu kimoja. Mimi naona ni vitu viwili. Majuto hufuata kosa. Huzuni hufuata kupoteza, na mtu hupoteza pasipo kukosa. Mwenye kisukari aliyekatwa mguu ili aishi hajuti, lakini anaukumbuka mguu wake. Najua mfano huu haufiki mwisho, maana mguu usingeniita mama. Kwa sababu hiyo hiyo, kilio changu hakikuwa cha mguu.

Nifasi ilikatika siku ya 17. Nikakoga, nikaswali. Kisha nikaanza kungoja, na katika kungoja nilikuwa na hofu mbili: kwamba mwili umeharibika, na kwamba mimba nyingine imeingia. Siku ya 36, nikifua nguo za watoto uani, nikasikia chango la kawaida, lile nililolijua tangu usichana. Nikaenda msalani nikaiona damu, na ulimi ukatangulia: "Alhamdulillahi."

Furaha ile ilinitia aibu. Niliuona mwili kama mpangaji anayehamia kabla godoro la marehemu halijaanikwa. Nikampelekea somo habari. Yeye akahesabu kwa vidole: "Siku kumi na tisa umekaa tohara, nazo zapita kumi na tano. Hii ni hedhi." Hakuniambia nifurahi wala nisifurahi.

Hesabu ile ya vidole ndiyo iliyonituliza. Mwili haukuwa umenisamehe, kwa sababu haukuwa umenishtaki. Ulikuwa unahesabu siku zake. Kupona si cheti cha kwamba ulifanya haki, na kutopona si adhabu. Nawafikiria wanawake waliofanya kwa siri, kwa mizizi na kwa vyuma. Miili yao nayo ilikuwa ikijaribu kupona. Wanaokufa huuawa na kuvuja damu na maambukizo, na wengi huchelewa kufika hospitali kwa kuogopa kuulizwa. Katiba ile ile, katika Kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, wala haijaweka sharti la kwanza kumhukumu. Mimi nilipata karatasi na nikampata somo. Sikuwazidi kwa wema. Niliwazidi kwa bahati.

Kwa hiyo, kama nina ushauri, si kwa mwanamke aliyepitia hayo. Ni kwa aliye karibu naye. Usimuulize kama amesahau, wala usimtake alie ili uridhike. Mchemshie maji.

Mume wangu alinichemshia, bila maneno, kila alfajiri mpaka arobaini ilipotimia. Siku hiyo hedhi ilikuwa bado haijakatika. Hapakuwa na khitma wala wageni. Nilipika uji wa pilipili manga mwenyewe, nikambebea somo kwa birika. Tukaketi barazani kwake, tukanywa, akaulalamikia ugali wa siku hizi na bei ya makaa. Watoto waliporudi kutoka chuoni niliwasikia kutoka mbali, nikafunga birika nikaenda kuwalaki.