Ridhaa ya Mtu Aliye Katika Maumivu

Twataka kulitazama swali moja ambalo waalimu wa vijijini wataulizwa, ikiwa hawajaulizwa bado: Je, ni haki kumwomba mgonjwa anayengoja kupasuliwa aingie katika utafiti wa dawa za usingizi na za kutuliza maumivu?

Wako wasemao kwamba maumivu ni mapenzi ya Mungu, na kuyaondoa ni ukaidi. Hoja hiyo ni ya zamani. Etha ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Mwaka uliofuata Daktari Simpson wa Edinburgh akaanza kuwapa klorofomu wanawake wenye uchungu wa kuzaa, akapingwa kwa adhabu ya Hawa iliyo katika sura ya tatu ya Mwanzo. Naye akajibu kwa sura ya pili: Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake. Wala wazee wa Afrika hawakungoja kufundishwa hayo. Mwaka 1879 Robert Felkin aliona huko Bunyoro, Uganda, mama akipasuliwa ili mtoto atolewe. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu, na tumbo lake likaoshwa kwa pombe hiyo hiyo. Mama akapona. Basi hilo na tuliache.

Ugumu uko kwingine. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba vifo baada ya kupasuliwa vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa walikuwa vijana zaidi. Na hesabu iliyotolewa mwaka 2019, ya akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa, ilikuwa vifo karibu 5 katika kila 1,000, yaani kama mara 50 ya nchi tajiri. Dawa ni ile ile, lakini umeme, oksijeni, damu, na mtu wa kuketi kichwani pa mgonjwa akiangalia pumzi yake, havipatikani sawasawa. Kwa hiyo yaliyopimwa Ulaya hayatutoshi.

Huko Kenya walijaribu ketamini, dawa ambayo kwa kawaida haizimi pumzi. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya upasuaji 193 uliofanywa mahali ambapo mtaalamu wa usingizi hakuwapo, dawa ikitolewa na watu waliofunzwa kwa ajili hiyo. Mbona maskini apewe kilicho pungufu kuliko cha tajiri? Swali hili lina haki yake, nasi hatulidharau. Lakini mama aliyekwama katika kuzaa hachagui kati ya mtaalamu wa kijijini na mtaalamu wa mjini; achagua kati ya hicho na kisu kitupu, au kaburi. Twaona utafiti wa namna hiyo ni halali, maadamu haugeuzwi kuwa udhuru wa kutomleta mtaalamu.

Sasa fikirini mama wa Mbwera, katika delta ya Rufiji. Uchungu umemshika usiku. Mashua yangoja maji yajae. Apitishwa kati ya mikoko mpaka Nyamisati, kisha kwa gari mpaka Kibiti. Akifika, apewe karatasi ya ridhaa? Saa hiyo hata karatasi ya kuiuza nyumba yake angeitia kidole. Ndiyo yake ni kilio tu. Aulizwe mapema, katika kliniki ya wajawazito, kwa maneno mepesi, na kwa Kindengereko ikihitajika. Aende nayo nyumbani, airudie. Na yule ambaye hakuulizwa mapema atibiwe kama kawaida, jina lake lisiandikwe katika utafiti.

Aelezwe pia habari ya kura, kwa maana wengi huitilia shaka. Ili kujua dawa ipi yafaa zaidi, wagonjwa hugawanywa kwa kura, wala daktari hachagui. (Waliosoma habari za Mathiya hawatashangaa sana.) Lakini kura iwe kati ya dawa na dawa, asiwepo hata mmoja aachwaye na maumivu yake ili apate kulinganishwa na wenzake.

Watu wa Rufiji wamezoea kuulizwa. Kuanzia mwaka 1998 kaya nyingi huko ziliandikishwa na watafiti, waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa na nani amekufa. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa. Lakini mazoea ya kujibu si ridhaa. Kuhesabiwa ni jambo moja, kuchomwa sindano ya mgongo ni jingine.

Nasi je? Watafiti wenye nia njema huja kwa mchungaji au mwalimu wakimwomba aseme neno moja ili watu wakubali. Yatupasa kukataa, maana neno letu ni zito mno katika mizani hiyo. Mama aweza kudhani kwamba akimkatalia daktari amemkatalia Mungu. Tuwezalo ni kuketi naye, kumsomea karatasi ile polepole, kumwambia wazi kwamba akikataa atatibiwa vile vile. Na akikataa, kuirudisha karatasi hospitalini pasipo kumwuliza sababu.